Mhariri, waambie watu waache kuziba valvu ya hita

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nipo Dodoma, Nkuhungu, mtumishi wa kawaida tu wala sio fundi, tulihamia huku na familia kutoka Dar baada ya serikali kuhamia. Naandika kwasababu ya kitu kidogo sana, valvu ya usalama inayotoa presha ya maji ikizidi, kinaenea kiganjani, ambacho nimekitoa kwenye hita ya maji ya nyumbani kwangu wiki tatu zilizopita na mpaka sasa hivi kipo hapa mezani nakitazama. Naomba uichapishe hii barua hata kama ni ndefu, maana baridi ndo hii imeanza na watu wananunua hita na kufunga wenyewe au kufungiwa na kijana yeyote mwenye spana.

Kuna watu wanadhani Dodoma ni jua tu. Waje mwezi wa sita au wa saba, saa kumi na moja alfajiri, upepo unapita chini ya mlango utadhani kuna mtu anaupuliza. Mama mkwe wangu anaishi na sisi, umri umeenda, magoti yanamsumbua na maji ya baridi hawezi kabisa, na asubuhi hiyo hiyo watoto wanajiandaa shule kwahiyo habari ya kubandika sufuria la maji jikoni inakuwa shida. Nyumba tulinunua kwa mtu na hita tuliikuta imeshafungwa bafuni juu ya mlango, ile ya tangi ya lita 50, tukashukuru Mungu tukaendelea kuoga.

Mwaka huu ikaanza vituko. Kwanza mlio, ukiwasha tu baada ya dakika chache unasikia pa pa pa kama bisi zinakaangwa. Halafu inachelewa, zamani ilichukua saa moja na nusu maji kuwa tayari, sasa hata yapite masaa matatu bado vuguvugu, na Luku inakimbia. Mwisho maji yakaanza kutoka na rangi ya chai ya rangi, mama mkwe akawa anajaza ndoo anaisubiri itulie kwanza ndo aoge. Nikamwita fundi, akaja akaangalia kwa chini tu, akasema tangi limekufa nunua jingine, nikanunua, siku ya kufunga hakutokea, simu hapokei. Siku ya tatu nikaamua nafunga mwenyewe. Sinki nilishafunga, koki nimebadilisha sana, nikasema nitafanya upande wa maji na upande wa umeme nitatafuta mtu wa umeme. Na hapo hapo niseme kwa msomaji anayefikiria kufanya kama mimi, huo mgawanyo ndo ulionisaidia, usione aibu kuusema.

Nilizima breka ya hita, nikazima na meni swichi kabisa, nikapima na tesa kwenye waya za hita pale pale kabla sijagusa chochote, kwasababu nyumba za watu unakuta breka imeandikwa hita kumbe inazima taa za nje. Nikafunga koki ya maji yanayoingia, nikafungua bomba la moto la bafuni ili hewa iingie, halafu nikataka kumwaga maji kwa kuinua ule mkono mdogo wa valvu ya usalama. Ule mkono haukuinuka. Nimevuta, nimepiga kwa mpini wa bisibisi taratibu, wapi. Nikafungua nati ya bomba la maji baridi kidogo kidogo maji yakawa yanatoka kwa pembeni kwenye ndoo, karibu saa nzima, na yale ya mwisho yalikuwa na vipande vyeupe vyembamba kama maganda ya mayai. Mtu wa Dodoma anavijua, ndo vile vile vinavyoota ndani ya birika, maji yetu ya visima yana chokaa nyingi. Tangi la lita 50 likiwa tupu ni kilo 15 au zaidi kidogo, lile tulilishusha mimi na kijana wa jirani na mikono inatetemeka, kwasababu lilikuwa limejaa hiyo chokaa.

Nje kwenye kibaraza nikafungua kile kifuniko cha chini chenye koili, ile inayopasha maji. Koili haikuonekana, ilikuwa imevaa chokaa nene kama kidole gumba, ndo maana ule mlio, maji yananaswa ndani ya chokaa yanachemka yenyewe huko huko yanapasuka, na joto haliendi kwenye maji mengine. Pembeni ya koili huwa kuna fimbo ya magnesi, inaitwa anodi, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, yani maji yanaila yenyewe kwanza na chuma cha tangi kinapona. Yangu ilibaki waya mwembamba tu wa katikati. Hiyo fimbo inatakiwa kuangaliwa kila mwaka au miaka miwili na ikiisha unaweka nyingine, ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na tangi, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuisikia na yule fundi hakunitajia na muuza duka niliyenunua hita mpya nilipomuuliza alinijibu kwani hiyo ni nini.

Sasa ndo nije kwenye hiki kitu kilichopo mezani.

Valvu ya usalama ni kile kishaba kinachofungwa kwenye mdomo wa maji baridi, wenye alama ya bluu, kina mkono mdogo na kina kidomo pembeni kinachoangalia chini. Kwenye hii yangu kile kidomo kimezibwa. Mtu alichukua plagi ya bomba ya nusu inchi, akaona haikai sawa, akakata kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, unaonekana kabisa ni wa baiskeli maana una ule mstari wa kiungo, akakikunja mara mbili akakisokomeza, akaikaza plagi juu yake mpaka mpira ukatokeza pembeni kama ulimi. Halafu akazungushia waya wa kufungia nondo. Kazi ya uangalifu kabisa, mtu alitumia muda wake. Na lile tangi nilipoliangalia vizuri juani, kitako chake cha chini ambacho kinatakiwa kiwe kimelala, kilikuwa kimetuna.

Nilikaa chini pale kibarazani. Mama mkwe wangu amekuwa akisimama chini ya kile kitu kila asubuhi, na watoto wangu.

Kwanini watu wanaziba? Wanaziba kwasababu inadondosha maji. Mwenye nyumba anaona sakafu ina maji, anamwita fundi, fundi anaona kidomo kinatoa tone, anaziba, analipwa. Kumbe lile tone ndo kazi yake! Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 ukizitoa kwenye baridi ya nyuzi 20 ukazipeleka nyuzi 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, na hiyo robo tatu haiwezi kurudi ilikotoka kwasababu ndani ya hiyo hiyo valvu kuna kizuizi kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Maji hayabonyeki kama hewa. Kwahiyo presha inapanda mpaka valvu inafunguka kidogo, inatoa matone, inafunga. Nyingi zimeandikwa bar 7 au 8 ubavuni, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Sasa wewe umeziba, hiyo presha iende wapi? Inaenda kwenye kitako cha tangi, kila siku, kila ukiwasha, tangi linatuna na kurudi, linatuna na kurudi, na ndani kutu inakula.

Na hiyo bado ni hali ya kawaida ambapo thamostati inafanya kazi na kukata umeme kwa wakati. Thamostati ikifa ikawa haikati, maji yanaendelea kupata moto, na kwenye presha ya bar 8 maji hayachemki hata yakipita nyuzi 150, yanakaa humo yametulia kimya, huoni mvuke husikii kitu. Siku tangi linapasuka presha inaondoka ghafla na sehemu ya hayo maji inageuka mvuke kwa mara moja, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Hilo ni bomu, na lipo juu ya mlango wa bafu.

Kuna kitu kingine kinanitisha zaidi, na hiki nimekiona kwa jirani yangu nilipoenda kumwonyesha hii valvu. Kwenye hita kuna kidude kingine karibu na thamostati ambacho kinakata umeme moja kwa moja joto likizidi na mpaka ukibonyeze kwa mkono ndo kirudi. Cha kwake kilikuwa kinakata kila wiki, fundi akamwambia kimechoka, akakiruka, akaunganisha waya kwa waya daireki. Jirani alifurahi sana maana hita haikukata tena. Nilimwomba aizime pale pale na alizima, Mungu ambariki, hakubishana. Valvu yake ilikuwepo na haijazibwa ila mkono ulikuwa umeganda na chokaa kama wa kwangu, kwahiyo hata hiyo sijui ingefunguka. Nyumba nyingine ya ndugu yetu pale pale mtaani valvu hakuna kabisa, bomba limeenda moja kwa moja kwenye tangi. Huyo naye siku maji yakikatika na tenki la juu likiisha, maji ya hita yanaweza kurudi chini yote, akiwasha koili inaungua kavu.

Basi hita mpya nimeifunga hivi, naeleza kwa yule ambaye atafunga mwenyewe au atasimama pembeni ya fundi.

Ukuta kwanza. Tangi la lita 50 likijaa ni kilo 65 na zaidi, na ukuta wangu ni wa tofali za saruji zenye matundu, bolti za zamani zilikuwa zimeshika plasta tu na kipande cha tofali. Nilihamisha pembeni nikapata sehemu ya nguzo ya zege ya mlango, nikatoboa nikaweka bolti za kutanuka za urefu wa vidole vinne, nikaning'inia mwenyewe kwanza kabla sijaning'iniza hita. Mabomba ya maji moto yawe yale ya kuchomelea kwa joto yenye mstari mwekundu, sio haya ya PVC ya kijivu ya maji taka na sio ya maji baridi, yanalainika. Valvu mpya, iliyokuja kwenye boksi, inafungwa upande wa bluu na mshale wake unaangalia kwenye tangi, na usiweke koki kati ya valvu na tangi, koki inakaa kabla ya valvu. Kidomo cha valvu nilikivalisha kampira kembamba, nikakashusha kwa mteremko kupita tundu la ukuta mpaka nje kwenye ndoo, mwisho wake upo wazi na unaonekana. Hapo tatizo la sakafu kulowa limeisha, kampira kenyewe bei yake haifiki hata ya soda mbili, na ndo hicho tu yule mtu wa plagi alitakiwa kukifanya.

Halafu kujaza. Usiwashe umeme hata kidogo kabla tangi halijajaa. Unafungua koki ya kuingia, unafungua bomba la moto, linakohoa hewa, linatema, unasubiri mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa, hapo ndo limejaa. Watu wanachoma koili mpya ndani ya dakika chache kwasababu ya haraka ya kuona taa nyekundu ikiwaka.

Umeme nilimwachia mtu mwenye leseni ya EWURA, nilimwomba niione na yeye akanionyesha bila kununa. Alipofungua soketi ya hita alikuta waya wa athi, unaopeleka ardhini umeme ukivuja, ule wa kijani na njano, umekatwa na kukunjwa nyuma ya soketi. Haujaunganishwa popote. Akaenda kwenye ile fimbo ya nje iliyochomekwa ardhini, akapima, akatikisa kichwa, akasema ardhi ya Dodoma ikikauka hivi athi inakuwa dhaifu, tukachimba akaongeza fimbo ya pili tukaunganisha. Akaweka na breka ile yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme ukivuja hata miliampia 30. Akaniambia kitu ambacho sitasahau, kwamba hita bila athi inaweza ikafanya kazi vizuri miaka mitano, maji ya moto, hakuna shida, siku koili inapasuka ganda lake ndo umeme unaingia kwenye maji na mtu yupo mtupu amesimama kwenye sakafu yenye maji.

Na hapa niwaguse na wale wenye shawa za papo kwa papo, hizi za plastiki zinazofungwa juu kichwani, maana ni nyingi kuliko tangi. Ile ya wati 5,500 inavuta umeme wa ampia kama 24, waya wake unatakiwa uwe wa milimita 6 na breka yake peke yake, watu wanaunga kwenye waya wa taa wa moja na nusu, waya unapata moto ndani ya ukuta. Nyingi koili yake ipo wazi ndani ya maji. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji laini, kwahiyo sehemu kama huku kwetu na kule pwani kwenye visima vya chumvi unatakiwa ununue ile ambayo koili yake imefunikwa, zipo, muulize muuzaji kabla hujalipa. Ukisikia mkono unawasha au kushtuka kidogo ukigusa koki ukiwa unaoga, usiseme ndo zilivyo. Toka humo uzime kwenye breka, usirudi.

Gharama kidogo, kwasababu wake zetu na waume zetu wanauliza. Kupasha lita 50 kutoka baridi mpaka nyuzi 60 ni uniti mbili na robo hivi. Kila siku mara moja ni kama 67 kwa mwezi, na wale wa tarifu ndogo ya umeme, ile ambayo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, wajue hita peke yake imekaribia kumaliza. Mimi nimeshusha thamostati mpaka 55, chokaa nayo inaganda pole pole joto likiwa chini, na maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu ndani ya sekunde chache, bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuruka pembeni.

Sasa Mhariri naomba kupitia kwako. Wenye maduka, hita niliyonunua ina kitabu cha Kichina na Kiingereza, kurasa nyingi, Kiswahili hakuna hata mstari. Mnaweza mkachapa karatasi moja, moja tu, ya kwamba hii valvu itadondosha maji na isizibwe, na mkaiweka kwenye boksi. Mkiona mteja hachukui valvu msimuuzie tangi. Ndugu zetu wa TBS mnaokagua ubora wa hizi bidhaa, naomba mliangalie hilo la maelezo ya Kiswahili, hita inafungwa na watu wanaosoma Kiswahili. Wenye nyumba za kupangisha, kabla mpangaji mpya hajaingia pandeni kwenye ngazi muinue ule mkono muone kama maji yanatoka kwenye kidomo, na kila mwezi mmoja mpangaji aufanye hivyo, ni sekunde tatu, ukiuacha unaganda.

Na mafundi, nawaheshimu, mnajua kazi na mnalipwa kidogo. Mteja akikuambia dondosho linamkera, mvalishie kampira kaende nje. Akikubishia muache na hita yake, usimzibie.

Kama inadondosha mchana na usiku bila kukoma hata hita ikiwa imezimwa, hapo sawa kuna tatizo, ama presha ya maji yanayoingia ni kubwa sana au valvu imeingiwa na uchafu haifungi, inabadilishwa, mpya inauzwa peke yake.

Hita yetu ina wiki ya tatu sasa. Juzi asubuhi mama mkwe aliniita toka koridoni, baba njoo, bomba lako huku nje linadondosha. Nikamwamkia nikamwambia liache mama, ndo linavyotakiwa, akaangalia ile ndoo akasema basi haya maji namwagilia mchicha. Anamwagilia.

Hii valvu na plagi yake na kile kipande cha tairi ninavyo, sijavitenganisha. Kama gazeti litapenda kupiga picha ili wasomaji wailinganishe na ya kwao, nitaileta ofisini kwenu hapa Dodoma siku yoyote baada ya saa tisa na nusu.

Wako,
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma